Kasumba kwenye Kihamba

Shangazi Ludovika huyasikia majina ya manukato
kwa sikio la Kiswahili, sikio la Kibosho.
Mzungu akitaka yasikike vingine, anasema,
na apande mlima aje ayatamke mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa ya mama yake, chupa ya buluu.
Kahawa ililipa mwaka ule.
Babu alishuka Moshi mjini kununua msumeno,
akarudi na Jioni ya Paris ndani ya kofia,
msumeno hakuununua.
Bibi hakujipaka hata siku moja.
Aliifungua Krismasi, akainusa, akaifunga,
akaenda kukamua.
Ilikauka yenyewe, miaka tisa.

Kisha Tabu.
Shangazi alikuwa karani wa ushirika, gauni la marinda,
Uhuru haujatimiza miaka mitatu.
"Mtu anajipaka tabu kwa hiari yake?" bibi aliuliza.
Alijipaka. Nyuma ya masikio, kwenye kunjo la kiwiko.
Na tabu ikaja juu ya pikipiki, inaitwa Deogratias,
ikakaa miaka minne,
ikaondoka na redio.

Miaka ya sabini alihamia kwa Chali.
Anaapa kwamba akipita mbele ya benki
wanaume walianguka chali.
Mmoja alianguka kweli,
ila huyo alikuwa juu ya ngazi, anapaka rangi.

Ile ninayoijua mimi ilivuka mpaka Holili
ndani ya mkate uliotobolewa tumbo,
na mkate wenyewe ulikuwa magendo.
Chupa nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee.
Jina hatukulielewa, mpaka Blandina,
muuguzi wa KCMC, alipolisoma akakaa chini:
"Ludovika, hii imeandikwa kasumba."

Themanini na tatu. Wahujumu uchumi wanasakwa.
Usiku majirani walichimba kama fuko,
sabuni zinazikwa, khanga zinazikwa,
mzee Kimaro alizika kitenge na cherehani yake
akasahau wapi.
Nilikuwa na miaka tisa, nilishika kibatari.
Shangazi hakuizika na kizibo. Chupa husema, alinong'ona.
Akaimimina yote kwenye shina la mgomba, mstari wa tatu,
polepole, kama anayemnywesha mgonjwa,
kisha akailamba ile midomo ya kioo
akatema.

Asubuhi kihamba kizima kilikuwa kimevaa.
Karafuu, ubani, kitu kitamu kilichooza kwa heshima.
Ng'ombe aligoma kula, halafu akala,
na maziwa ya jioni yalitufanya tutazamane.

Mgambo Wenseslaus alifika saa nne.
Alisimama kati ya migomba, akavua kofia.
"Kahawa imechanua?"
"Imechanua," shangazi akajibu.
Ilikuwa Aprili. Kahawa ina tunda bichi, linaonekana.
Mgambo yule alizaliwa chini ya mibuni, na alijua.
Alivuta pumzi mara ya pili, ndefu kuliko ya kazi,
akasema, "Basi itunzeni,"
akaenda kwa Kimaro.

Baadaye ilikuja moja iliyoitwa Sumu,
aliivaa misa ya Pasaka, ubani wa padri ukasalimu amri.
Zikaja nyingine, sikuzihesabu, naye hakuzisifu.
Juzi nimemletea ya uwanja wa ndege,
bei yake sikumwambia.
Alinusa. "Nani anakaanga maandazi?"

Sasa miguu haimtii. Mvua ikianza
ananiagiza nifungue dirisha la upande wa migomba.
Mimi napata samadi, majani yaliyoloa,
moshi wa jikoni kwa jirani. Basi.
Yeye hanijibu.
Anapandisha mkono wa sweta,
anautoa mkono nje, kifundo kimetazama juu,
kama mtu aliyesimama dukani
akisubiri kupuliziwa.